Gunia la lumbesa na Luka 6:38: nimenunua hivi miaka 11, sasa nifanyeje?

Mama wa Viazi, Mbeya

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba mnisome mpaka mwisho, jambo hili limeninyima usingizi wiki ya tatu sasa.

Nafanya biashara ya viazi mviringo. Nanunua Umalila, napeleka Dar es Salaam. Nilianza na magunia manne niliyopandisha juu ya mzigo wa mtu mwingine, leo napakia Fuso nzima. Nyumba ninayolala na ada za watoto watatu vimetoka kwenye viazi. Sikuwahi kuona tatizo, maana kila mnunuzi ninayemjua ananunua hivyo hivyo.

Kwa asiyeijua lumbesa: tunapatana na mkulima bei ya gunia. Vijana wangu wanajaza, wanalinyanyua na kulidundisha chini, wanalisuka huku na huku viazi vikae, wanashindilia, wanajaza tena. Likifika mdomoni halifungwi. Kinaongezwa kipande cha gunia jingine juu, nacho kinajazwa, ndipo kijana anashona kwa shazia na kamba. Hicho ndicho kilemba. Mkulima analipwa gunia moja.

Mwezi uliopita nilinunua kwa bibi mmoja mjane. Alishapima lundo lake la viazi kwa debe kabla sijafika, akajua ana magunia tisa. Tulipatana shilingi 60,000 kwa gunia. Vijana walipomaliza yalitoka saba. Bibi akayahesabu kwa kidole, akarudia. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mengine yako wapi?" Nikamwambia ndivyo yalivyo, bibi, viazi vikishindiliwa vinapungua. Nikamlipa ya saba, nikaondoka.

Jumapili ya pili yake mzee wa kanisa akasimama kutangaza sadaka, akasoma Luka 6:38: "Wapeni watu vitu, nanyi mtapewa, kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika, ndicho watu watakachowapa vifuani mwenu." Wapendwa, mstari huu nausikia tangu nikiwa Sunday school. Siku hiyo nilimwona bibi. Kushindiliwa, kusukwa-sukwa, hata kumwagika: hayo ni maneno ya vijana wangu kule shambani. Bahasha ikabaki mkononi mwangu, kapu likapita.

Nilipofika nyumbani nikaanza kutafuta. Mithali 11:1, mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Hiyo nikajitetea, nikasema mimi sina mizani ya hadaa, shambani sina mizani kabisa. Halafu nikafika Kumbukumbu la Torati 25:13, usiwe na mawe ya kupimia ya namna mbili mfukoni mwako, kubwa na dogo. Hapo nikafunga Biblia. Kwa sababu kizimbani kwangu Dar mizani ninayo, ina muhuri wa Wakala wa Vipimo, na gramu simwongezei mtu. Nanunua kwa jiwe kubwa, nauza kwa dogo.

Safari iliyofuata nikapima magunia matano. Yalikuwa yanacheza kwenye kilo 132. Gunia tunalolitaja kwa mdomo ni la kilo 100. Kilo 32 za mtu, kwa bei ile ile ni shilingi 19,200 kila gunia. Fuso langu hubeba magunia 70. Pigeni hesabu wenyewe, mimi niliipiga mara moja tu.

Naomba msaada. Huo mstari wa Luka, je, unahusu sadaka au unanihusu mimi? Na yule bibi, na wengine wa miaka 11 ambao hata majina nimesahau, nawarudishiaje? Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, alisema atarudisha mara nne. Nikifanya mara nne nafunga biashara kesho.

Mwinjilisti Mstaafu, Rungwe

Mwanangu, asante kwa kuandika wazi. Nimehubiri miaka mingi, na mstari huo nami nimeusoma mara nyingi wakati wa sadaka. Si kosa kuusoma hapo. Lakini Bwana alipousema hakukuwa na kapu mbele yake. Anza kuusoma kuanzia mstari wa 27. Anasema habari za adui, za anayekunyang'anya joho, za kukopesha bila kutumaini malipo, za kutohukumu. Kipimo kinakuja mwisho wa maneno hayo. Anazungumza na watu wanaoshughulika na watu wengine kila siku: shambani, sokoni, kwenye deni.

Sasa angalia neno "vifuani mwenu". Watu wa nchi ile walivaa vazi refu, wakajifunga mshipi kiunoni, na nguo ya juu ikaacha mkunjo kama mfuko. Ukienda kununua nafaka unakinga mkunjo huo, unamiminiwa, kama mama wa huku anavyokinga khanga. Ruthu alikinga shela yake hivyo, Boazi akampimia shayiri, Ruthu 3:15. Kwa hiyo anayeshika kipimo ni yule anayetoa, na ndiye anayeshindilia kwa hiari yake ili mwenzake aondoke na zaidi. Anayepokea amekinga nguo tu. Hapo kwenu mpokeaji ndiye aliyeshika kipimo, akashindilia mwenyewe. Mstari umegeuzwa miguu juu. Ndiyo maana ulikuchoma, na nashukuru ulikuchoma.

Kuhusu Zakayo: Torati ilimtaka mtu anayeungama kosa la namna hii arudishe kitu chote na kuongeza sehemu ya tano, soma Hesabu 5:7. Mara nne ilikuwa hukumu ya mwizi wa kondoo, Kutoka 22:1. Zakayo alijihukumu kama mwizi wa kondoo kabla ya mtu yeyote kumhukumu, na alisema hivyo akiwa amesimama kwa furaha, Bwana yuko nyumbani mwake. Yesu hakumtajia kiasi. Wala usimfanye Zakayo kuwa mzigo wa kukuzuia usianze. Anza na bibi. Mstari unaofuata, Hesabu 5:8, unasema la kufanya ikiwa hakuna wa kurudishiwa: malipo yanakuwa ya Bwana, kwa ajili ya kuhani. Lakini usikimbilie huko kwa sababu ni rahisi. Maliza kwanza wale unaowajua, hata kama ni kwa miaka.

Kijana wa Soko, Dar es Salaam

Shikamoo mama. Mimi niko soko la Mabibo, napokea mizigo ya viazi na vitunguu. Naheshimu imani yako, na mimi nimeokoka. Lakini naomba nikueleze upande wa huku, usijibebeshe dhambi ya mfumo mzima.

Lumbesa haikuletwa na wanunuzi kwa uchoyo tu. Gari linalipisha kwa gunia. Mpakiaji na mshushaji wanalipwa kwa gunia. Ushuru wa mazao njiani unahesabiwa magunia. Kila mkono unaohesabu gunia unamwambia mfanyabiashara afanye gunia liwe kubwa. Ukija huku na gunia la kilo 100 katikati ya lumbesa, mteja wa jumla analipita kama halipo, au anakupa bei ya chini akisema ni nusu. Halafu mkulima amekubali. Tumepatana, hakuna aliyemshika mkono. Biashara ni mapatano.

Mama wa Viazi, Mbeya

Marahaba mwanangu. Ya gari na ushuru umesema kweli tupu. Lakini hili la kukubali nimelifikiria sana, nami mwenyewe nimelisema miaka mingi. Bibi alikubali 60,000 kwa gunia. Kilemba hakukubali, alikiona kikishonwa. Na kuna neno Mithali 20:14: "Haifai kitu, haifai kitu, asema mnunuzi," halafu akienda zake anajisifu. Nimefanya hivyo. Nimesimama juu ya lundo la mtu nikasema viazi vyako vidogo, vina udongo, mwaka huu soko baya, na njiani narudi nampigia mume wangu nikiwa na furaha. Mapatano ya namna hiyo nayaitaje?

Mkulima wa Mlimani, Umalila

Dada, mimi ni mkulima. Nimesoma haya yote nikiwa nimekaa juu ya magunia yangu, naomba na mimi niseme.

Tunakubali kwa sababu viazi havingoji. Ukishachimba, vikipigwa jua vinakuwa kijani, mvua ikinyesha vinaoza. Gari likija siku hiyo ukakataa, huenda lingine lisije wiki nzima. Wengine tumeshakopeshwa mbolea na mnunuzi huyo huyo, utakataaje kilemba? Sheria ya Vipimo ipo, gunia la mazao lisizidi kilo 100, kila mtu kijijini anajua, hata mnunuzi anajua. Usiku wakipakia hakuna ofisa barabarani.

Nisikilize hesabu yangu. Wewe unanipa 60,000 kwa lumbesa ya kilo 132. Hiyo ni kama 454 kwa kilo. Njoo na mizani, tundika kwenye mti, unipe 500 kwa kilo. Kwa viazi vile vile napata 66,000, nawe bado hujafika 600 uliyoitaja kwa mdomo. Bei ikishuka tutashuka wote, nitaelewa. Kinachotuumiza ni kwamba gunia halina mwisho. Mtu analima hajui amevuna kiasi gani, hajui ekari imempa nini, hawezi kupanga mbegu ya mwakani. Nimevuna miaka 20 na sijawahi kujua nimevuna kilo ngapi.

Kama unataka kurudisha kwa wale uliowasahau, usitafute majina. Njoo na mizani na uiache kijijini.

Mshirika wa Nyandarua, Kenya

Amina. Huku kwetu waru, yaani viazi, ni hivyo hivyo. Kanuni za 2019 zinataka gunia la kilo 50, na bado kuna wanunuzi wanaokuja na magunia yao makubwa. Kwenye kikundi chetu cha Biblia tulisoma Luka 3:12-13, watoza ushuru wanamwuliza Yohana, "Mwalimu, tufanye nini sisi?" Hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Dada, usifunge biashara. Wakulima wanahitaji mnunuzi mmoja mwenye mizani kuliko mnunuzi mmoja aliyeacha kununua.

Mama wa Viazi, Mbeya

Wapendwa, nimekawia kurudi, nilikuwa safarini. Naandika yaliyotokea.

Nilikwenda kwa bibi siku ya Jumanne, na mume wangu. Kilo 32 mara magunia saba ni 224. Kwa 600 ni shilingi 134,400. Nikaongeza sehemu ya tano, 26,880. Jumla 161,280. Nilikuwa nimeiandika kwenye daftari ili nimwonyeshe. Nilipiga magoti nikamwamkia, nikamwambia bibi, uliniuliza mengine yako wapi, nikakudanganya. Haya hapa.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamwita mjukuu wake aje asome daftari kwa sauti. Mtoto akasoma, bibi akamrudisha tena kwenye mstari wa kilo. Hela hakuwa na haraka nayo. Alitaka kujua zilikuwa kilo ngapi. Jumla 924. Akairudia hiyo namba mara mbili tatu, "Mia tisa ishirini na nne, kwa jembe langu," akacheka, mimi nikalia. Mkulima wa Mlimani, nilikukumbuka wewe.

Mzigo wa wiki hii nimenunua kwa mizani. Tuliitundika kwenye mti wa mparachichi karibu na njia, shilingi 500 kwa kilo kama ulivyosema. Vijana walinung'unika asubuhi kwa sababu kazi ni ndefu, mchana wakawa wanabishana nani atakisia uzito sawasawa kabla ya kutundika. Wakulima wawili ambao hawakuwa zamu yao walishuka na viazi vyao. Nilipata magunia 61 ya kilo 100, yamefungwa mdomoni, hayana kilemba.

Dar hali haikuwa nzuri. Kijana wa Soko ulisema kweli. Mteja wangu wa jumla alizunguka gari, akaniuliza mbona magunia yamepungukiwa. Nikamwekea moja kwenye mizani. Alichukua 20 kwa bei ya kilo, mengine nilishusha kizimbani nikauza rejareja siku nne. Faida imebaki, lakini ndogo kuliko nilivyozoea tangu miaka mingi, na nusu ya upungufu huo ni gari. Nimelipia magunia 61 ambayo zamani yangekuwa 46 au 47.

Kwa hiyo swali langu la sasa ni hili, na naomba anayejua anijibu hapa hapa: kuna mtu anayesafirisha mazao kutoka Mbeya kwenda Dar ambaye anakubali kutoza kwa tani badala ya gunia? Nimeuliza madereva sita, wote wamesema gunia. Na ile mizani ya kuacha kijijini, Mwinjilisti, mwenyekiti wa kijiji anaona ikae kwake, wakulima wanataka ikae kanisani. Nisaidieni kufikiri, narudi mlimani Alhamisi.