MJADALA: Programu za katuni ziache kupanga hadithi kwa jinsia ya msomaji?

Wino Mweusi (mtoa mada)

Wakuu, leteni hoja, vijembe wekeni pembeni. Kwa wapenzi wa manga (katuni za Kijapani) na katuni za mtandaoni kuna kauli imeota mizizi: mapigano ni ya wavulana, mapenzi ni ya wasichana, na anayevuka mstari ana lake jambo. Msimamo wangu ni kwamba programu za kusomea ziondoe kigezo cha jinsia kote, kuanzia swali la "me au ke" wakati wa kujisajili hadi orodha za mapendekezo.

Shonen (za wavulana) na shojo (za wasichana) ni rafu za kuuzia majarida huko Japani. Hadithi ikitoka Weekly Shonen Jump, jarida lililoanza 1968, inaitwa shonen hata kama nusu yake ni watu kupendana. Na walioshika kalamu ni akina nani? Rumiko Takahashi, mwanamke, alianza kuchorea Weekly Shonen Sunday mwaka 1978. Hiromu Arakawa, naye mwanamke, alianza mfululizo wake mkubwa mwaka 2001 ndani ya Shonen Gangan, tena kwa jina la kalamu la kiume. Upande wa pili, shojo nyingi za miaka ya 1950 zilichorwa na wanaume, Osamu Tezuka akiwemo.

Kwa wale wanaosema wasichana wamedandia ushabiki juzi: Comiket ya kwanza (soko la katuni zinazotengenezwa na mashabiki), Tokyo, Desemba 1975, ilikuwa na vikundi 32 vya wauzaji na wahudhuriaji wapatao 700, na wengi wao walikuwa wasichana wa umri wa sekondari.

Dada Fremu

Mtoa mada, historia yako iko sawa ila hitimisho limeruka mto. Rafu hiyo unayotaka ivunjwe ndiyo iliyowapa wanawake kazi. Moto Hagio na Keiko Takemiya walipata kurasa miaka ya 1970 kwa sababu majarida ya wasichana yalikuwepo na yalihitaji wachoraji. Wakishakuwa ndani, wakaingiza safari za anga, historia ya Ulaya, na mambo ambayo hakuna aliyeyaita "ya kike".

Sasa angalia namna Jump linavyoendeshwa. Msomaji anajaza kadi ya maoni, anataja hadithi tatu alizozipenda kwenye toleo. Mfululizo mpya ukivuta mkia kwenye kadi hizo unaweza kukatwa kabla haujafika sura ya 20. Kwa kapu moja la wasomaji wote, kinachopendwa na wengi kinakula kila kitu. Ukivunja rafu, sema kwanza nani atamlinda mchoraji ambaye wasomaji wake ni wachache.

Mkwaju

Hebu tuseme ukweli jamani. Wanawake wengi wanapenda mapenzi. Ubaguzi uko wapi hapo?

Fundi Kijipicha

@Mkwaju, msomaji anachagua kati ya vitu alivyoonyeshwa. Wakuu mnapigana na swali la usajili wakati mchujo wenyewe unafanyika kwenye kijipicha, yaani ile picha ndogo ya kubofya.

Chukua Webtoon, programu ya kusomea katuni kwenye simu, upande wa Canvas ambako yeyote anaweza kupakia kazi. Unachagua aina mbili za hadithi, ya kwanza na ya pili. Unaweka kijipicha cha mraba, pikseli 1080 kwa 1080. Sehemu zenyewe unazipandisha kwa vipande vya upana wa pikseli 800, urefu usiozidi 1280. Kosa la kawaida: hadithi ni ya mapanga na mhusika mkuu ni msichana, mchoraji anaweka uso wake karibu, rangi ya waridi, nywele zinapepea. Wanaobofya ni wapenzi wa mahaba. Kwenye sehemu ya kwanza wanakuta damu, wanaondoka. Takwimu zinaonyesha watu hawaendelei, na mchoraji anaambiwa "hadithi za mapigano zenye shujaa wa kike hazisomwi". Hadithi haina kosa, ilipelekwa kwa wateja wasio wake.

Dawa: kijipicha kionyeshe tendo, mwili ukiwa kwenye mwendo. Aina ya kwanza iwe ile ya mgogoro mkuu, mapenzi yakae ya pili. Ahadi ya hadithi ionekane ndani ya fremu 15 za mwanzo, maana kwenye simu mtu anashusha skrini haraka sana. Ukirekebisha, badili kitu kimoja tu kwa wakati, toa sehemu mbili tatu, halafu linganisha waliofungua sehemu ya 1 na waliofika ya 3. Jumla ya mitazamo inadanganya, kwa sababu msomaji mmoja mwenye subira huhesabiwa mara nyingi.

Mfuatiliaji wa Seoul

Naongezea la Korea Kusini, maana huko mgawanyo uko wazi kabisa. Naver Webtoon, jukwaa kubwa la katuni za huko, ina orodha ya zinazopendwa na wanawake na nyingine ya wanaume. Kwenye majukwaa ya huko kuna rafu ya "fantasia" na rafu ya "fantasia ya mapenzi". Mhusika anakufa kwa usaliti, anarudi miaka kumi nyuma akijua yote yatakayotokea, analipiza kisasi: akiwa mwanamume mwenye upanga, rafu ya kwanza, akiwa binti wa mtawala mwenye gauni, ya pili. Mifupa ya hadithi ni ileile, na mara nyingi ya gauni ina siasa nyingi kuliko mabusu.

Mwaka 2024 kwenye shindano la Naver, kazi moja iliyoonekana na wengi kuwadhalilisha wanawake ilipita mchujo wa kwanza. Mwezi Oktoba wasomaji wanawake wakaanza kususia: walifuta programu, wakadai kurudishiwa cookie zao, zile sarafu za ndani ya programu wanazonunua ili kufungulia sehemu za mbele. Kampuni iliomba radhi, na Novemba kazi hiyo ikaanguka mchujo wa pili. Dada Fremu, hapo nakuunga mkono nusu: kwa sababu wanawake walihesabika kama kundi, uzito wa pesa zao ulionekana.

Mwalimu wa Maktaba

Kwa wenye rafu za mbao shuleni: jalada ndilo linalomfukuza mvulana kwenye kitabu cha mapenzi, anaogopa kuchekwa. Funika vitabu kwa karatasi ya kaki, andika juu mambo matatu: mgogoro, idadi ya kurasa, umri unaofaa. Usiandike jina la mhusika, linafichua jinsia.

Wino Mweusi

Dada Fremu, nakubali wachache walindwe, lakini walindwe kwa mhariri na bajeti yake. Jinsia yangu inahitajika kwa lipi?

Dada Fremu

Bajeti huombwa kwa kumtaja msomaji. Mhariri ataandika nini kwenye ombi lake, "kwa wapenda gauni na siasa"?

Fundi Kijipicha

Aandike hivyohivyo. Na mtoa mada, kufuta swali la usajili pekee hakutakusaidia: mibofyo yako ya kwanza inatosha programu ikukisie. Dai uone ilichokukisia, na kitufe cha kukifuta.