Mjadala: Kocha wa netiboli wa skuli awe mwalimu au mchezaji wa zamani?

Mleta mada:
Assalaam alaykum jamani. Michezo ya skuli ikikaribia, hasa ile inayofikia kilele kwenye tamasha la Elimu Bila Malipo la Zanzibar mwezi wa Septemba, zipo skuli zinazomchukua mchezaji wa zamani wa klabu, wakamkabidhi timu ya wasichana kwa wiki tatu, na mwalimu wa michezo akawekwa pembeni. Wanaoutetea mtindo huu wanasema mwalimu haijui netiboli. Mimi naupinga. Wiki tatu zinatosha kupanga kikosi, hazitoshi kumfundisha msichana wa kidato cha pili namna ya kutua na mpira. Sasa tuulizane: kocha wa sekondari apimwe kwa lipi? Naomba hoja zenye vipimo, tusije tukaishia kusifiana.

BintiWete:
Wa alaykum salaam. Mimi niko na mchezaji wa zamani, na sababu yangu ni jicho. Mfungaji akikosa, asiyejua humwambia "tulia" basi. Anayejua alishamtazama magoti na kiwiko kabla mpira haujafika kwenye pete ya goli. Mpira ukipungua, ukaanguka mbele ya pete kila mara, mara nyingi magoti hayakukunjwa na nguvu yote imetoka mikononi. Ukienda pembeni, ama kiwiko kimefunguka nje, ama ule mkono wa pili ambao kazi yake ni kuuegemeza mpira umeusukuma. Ukigonga ukingo wa mbele na kurudi, ujue umekwenda bapa. Pete ina kipenyo cha milimita 380, na mpira namba 5 una takriban 220. Ukishuka kutoka juu unaikuta pete yote iko wazi. Ukija ubavuni ile nafasi inakuwa finyu mno. Msichana akirekebishiwa kosa lisilo lake, hukosa zaidi. Hayo hayapatikani kwenye cheti cha ualimu.

Mwalimu wa Kengeja:
Bi Wete, la jicho nakubaliana nawe kabisa. Lakini jicho halipangi zoezi, na hapo ndipo wachezaji wazuri wengi wanapokwama.

Chukua mfano unaoonekana kila uwanja. Wasichana 24, mpira mmoja, msururu mmoja mbele ya goli. Kila mmoja akitumia sekunde 10 kurusha, kuufuata mpira na kumpa mwenziwe, zamu yake inarudi baada ya dakika 4. Zoezi la dakika 20 linamalizika naye karusha mara 5, muda uliobaki kasimama juani anazungumza. Tafuta mipira minne, wagawe sita sita. Makundi mawili yawe kwenye magoli mawili, mawili mengine yapasiane ukutani, halafu dakika ya 10 wabadilishane. Kila msichana atakuwa amerusha mara 10 na amepasi dakika 10 nzima, ndani ya muda ule ule. Hapo hakuna kipaji kilichoongezeka. Kilichoongezeka ni karatasi iliyoandikwa kabla ya kutoka ofisini.

La pili ni magoti, na hili kwangu ndilo kubwa kuliko makombe. Netiboli hairuhusu kukimbia na mpira. Aliyedaka kwa mguu mmoja anaweza kuuinua mguu ule, lakini lazima auachie mpira kabla hajaukanyaga tena. Maana yake ni kwamba kasi yote aliyokuja nayo inazimwa na mguu mmoja, mara nyingi huku kiwiliwili kinageuka kumtafuta wa kumpasia. Kwenye sakafu ya saruji kiatu kinang'ang'ania, mguu unabaki, goti linageuka. Kano za ndani ya goti hukatika hivyo hata bila ya kugongwa na mtu, na wasichana wako hatarini kuliko wavulana. Kwa hiyo kila zoezi lianze na dakika 10 hadi 15 za kutua. Aruke pale pale, atue kwa miguu miwili, akae sekunde 2 bila ya kutikisika, mara 8, apumzike, tena 8. Magoti yakunjwe na yaelekee kwenye vidole vya miguu, yasiingiane ndani. Kocha asikilize pia: mguu unaotua kwa kishindo haujakunja goti. Wakishamudu, watue kwa mguu mmoja, kisha kwa mguu mmoja na mpira, kisha huku mwenzake anamsukuma begani kidogo. Zoezi hili lahitaji mwezi na zaidi kuingia mwilini. Kocha wa wiki tatu analipata wapi?

Refa wa Unguja:
Nyote mnazungumzia wasichana, hakuna aliyegusa uwanja. Kocha wa kweli huanza na futi ya fundi mkononi. Pete iwe mita 3.05 kutoka chini. Na hapa sikilizeni vizuri: pete inatakiwa isimame mbele ya nguzo kwa milimita 150. Fundi wa kuchomelea asiyeelekezwa huibandika pete kwenye bomba lenyewe. Mfungaji akizoea goli hilo, siku ya mechi pete ipo mbele kwa sentimita 15, naye anarusha kama kawaida yake na mpira unapita. Watu watasema kaingiwa na woga, na ukweli ni kwamba mkono wake umefundishwa goli la makosa.

Kwenye uwanja wa udongo, nguzo huzama au huinama baada ya masika. Ipimwe upya. Duara la kufungia ni nusu duara lenye nusu kipenyo cha mita 4.9, chomeka kijiti katikati ya mstari wa goli, funga kamba ya urefu huo, zungusha, mwaga chokaa.

Na kata kamba nyingine ya sentimita 90. Huo ndio umbali ambao mlinzi lazima awe nao kutoka mguu aliotulia mwenye mpira. Filimbi nyingi kwenye mechi za skuli zinatokana na hilo: mlinzi ananyoosha mikono akiwa sentimita 60 au 70, na kocha wake nje anamwambia "mbane!" Kocha asiyeijua kanuni anamfundisha mtoto kuadhibiwa. Walinzi wafanye mazoezi na ile kamba chini mpaka jicho lizoee.

Mama Salma:
Wazazi nasi tusemeshwe. Mtoto anaondolewa timuni kwa sababu haji mazoezini, bila ya mtu kuuliza kwa nini. Zipo skuli zenye zamu mbili. Wa asubuhi anakwenda chuoni, chuo cha Kurani, mchana, wa mchana anatoka jua limeshateremka. Kocha akipanga kila siku saa kumi jioni, nusu ya wasichana kawafukuza kabla hajawaona. Siku mbili za kazi na asubuhi moja ya Jumamosi, ratiba iliyoandikwa ikafika nyumbani mapema, mzazi anaweza kuipanga na chuo. Na zoezi limalizike mtoto afike nyumbani kabla ya magharibi.

Mtandio nao ni kazi ya kocha. Pini zinamchoma mchezaji mwenyewe na mwenziwe. Ushungi ushonwe wenye lastiki kichwani, usiachwe na ncha za kuvutwa. Pete za vidoleni na bangili zivuliwe, kucha zikatwe, kanuni za mchezo zenyewe zinataka hivyo. Ramadhani wasikimbizwe: baada ya alasiri, dakika 40 za kurusha na kujipanga uwanjani zinatosha, kivulini kama kipo.

Kaka wa Jang'ombe:
Mama Salma umegusa jambo nami nilitaje lililobaki. Makocha wengi wanaume, nami sioni ubaya, ujuzi hauna jinsia. Tatizo ni utaratibu. Ujumbe wa timu uende kwenye kundi ambalo mwalimu wa kike na wazazi wamo, asiandikiwe msichana peke yake. Safari ya mechi, hata ya boti kwenda Pemba, pawepo mwalimu wa kike. Asiyejisikia vizuri siku za hedhi awe na wa kumwambia bila ya kupita kwa kocha. Skuli isiyoweza kutoa mwalimu wa kike wa kukaa na timu isimwite kocha wa nje.

BintiWete:
Hilo naliunga mkono. Ila Mwalimu wa Kengeja, mpango wako mzuri unategemea mwalimu anayekaa. Akihamishwa skuli katikati ya mwaka, timu inabaki na nani? Mchezaji wa zamani anaishi hapo hapo mtaani.

Mwalimu wa Kengeja:
Ndiyo maana mpango uandikwe kwenye daftari la skuli, usibaki kichwani mwa mtu. Tarehe, waliofika, zoezi lililofanyika, aliyeumia na alivyoumia. Anayekuja baada yake anafungua ukurasa anaendelea.

Mleta mada:
Basi nabadilisha nusu ya msimamo wangu. Mchezaji wa zamani aje, lakini aje muhula wa kwanza, siku mbili kwa wiki, ashike ufungaji na ulinzi. Mwalimu ashike daftari, zoezi la kutua, ratiba na wazazi, na neno la mwisho kuhusu mtoto aliyeumia liwe lake. Nusu ya pili siibadilishi: kocha asipimwe kwa mechi ya Septemba. Mpimeni kwa wasichana wangapi walioanza naye muhula wa kwanza bado wanacheza muhula wa mwisho.

BintiWete:
Kipimo hicho peke yake sikikubali. Unaweza kuwabakisha wote 24 na wasijue kufunga. Tia na hili: kila mwezi, kila mfungaji arushe mipira 20 kutoka sehemu tano za duara, minne minne, iandikwe kwenye daftari hilo hilo la Mwalimu. Isipopanda kwa muhula mzima, kocha aulizwe, awe mwalimu au awe nani.