Tupeane uzoefu: kupimwa macho na afya kwa ajili ya leseni ya udereva

Assalamu alaikum ndugu zangu wa Malindi na viunga vyake. Nawaomba mnaoendesha matatu, malori, tuktuk na magari ya nyumbani mtusimulie mlivyopimwa macho na afya kwa ajili ya leseni, na yale mliyoyagundua baadaye. Naanza mimi.

Nimebeba abiria kati ya Malindi na Mombasa kwa miaka mingi, na kila nilipohitaji karatasi ya daktari nilisimamishwa mbele ya ubao wa herufi, nikasoma kwa jicho moja kisha la pili, karatasi ikapigwa muhuri. Ubao ule, uliobuniwa mwaka 1862 na daktari Mholanzi Herman Snellen, hupima ukali wa macho yanapotazama kitu kilicho mbele moja kwa moja, tena penye mwanga wa kutosha. Mwenye 6/12 huona akiwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima hukiona akiwa mita 12. Kipimo hicho ni cha lazima, lakini hakisemi lolote kuhusu mtoto anayechomoka ubavuni mwa barabara pale Gede, na gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja.

Presha ya macho, ambayo madaktari huiita glakoma, mara nyingi huanza kula uoni wa pembeni bila maumivu, na kilicholiwa hakirudi. Mimi niligunduliwa kwa sababu daktari mmoja aliamua kunipima presha ya macho na uoni wa pembeni, ilhali herufi zote nilikuwa nimezisoma vizuri siku ile ile. Sasa natia dawa ya matone kila siku, narudi kupimwa kama nilivyoagizwa, na kwa ushauri wake nimeacha safari za usiku. Naamini kwa dhati kwamba mtu anayekabidhiwa roho za abiria apimwe vyote viwili, ukali wa macho na uoni wa pembeni.

Dereva wa tuktuk, Malindi mjini:
Shukrani, mzee wangu. Mimi nilikwenda kununua miwani kwa kuwa vibao vya barabarani vilikuwa vimeanza kufifia, na mpimaji akaniuliza kwanza kama nina sukari. Alinieleza kwamba sukari ikipanda sana lenzi ya jicho hubadilika, kwa hiyo miwani inayopimwa wakati huo huenda isifae tena sukari ikishatulia. Nilisubiri hadi dawa ziliponikaa, nikapimwa upya, na namba iliyotoka ilikuwa tofauti kabisa.

Dereva wa lori:
Kwangu ilikuwa mtoto wa jicho. Nikitoka Malindi jioni kuelekea Salagate, upande wa magharibi, jua hunipiga usoni, na usiku kila taa iliyonijia ilitawanyika ikafunika barabara nzima. Nimefanyiwa upasuaji, nimewekewa lenzi mpya, na sikushika usukani hadi daktari aliponiruhusu.

Mwanachama mwingine:
Kaka yangu anaendesha gari Uingereza. Kule dereva hutakiwa kusoma namba ya gari akiwa umbali wa mita 20, kwa miwani ikiwa anaivaa, awe na angalau 6/12, na uoni wa pembeni usiopungua nyuzi 120 kwa upana. Wa mabasi na malori masharti yao ni makali zaidi. Jingine lililonigusa ni kwamba dereva mwenyewe ana wajibu wa kuiarifu mamlaka ya leseni anapopata maradhi kama kifafa, hangojei kuulizwa. Lakini nina swali kwa mzee aliyeanzisha mada: je, nduguzo wa tumbo moja wamepimwa?

Jibu:
Ndiyo, mwanangu, nami nilihimizwa hilo hilo, kwa kuwa presha ya macho hufuata damu. Dada yangu na mdogo wangu, ambaye naye ni dereva, wote wamekwisha kupimwa. Wanangu waliotimiza miaka 40 nimewaandikia waende mwezi huu.