Miche inakanyagwa Jeevanjee, tufanyeje?

Wadau, tuko kumi na wawili, tunajitolea kila Jumamosi bustani ya Jeevanjee, Nairobi. Tumepanda miche, kufikia Jumatano imelala chini kama mkeka. Hela za kuweka ua hatuna.

Jibu: Pole. Mahali watu wanapokatisha ni njia tayari. Bustani ni ya umma tangu 1906, mfanyabiashara Jeevanjee mwenyewe aliitoa. Mwageni kokoto hapo, miche ipandwe pembeni.

Jibu: Wahubiri wa hapo bustanini saa saba mchana ndio wenye umati. Waombeni wakemee wakanyagaji kabla ya kukemea pepo!

Mimi tena: Nimepata madebe manne ya kokoto kwenye mjengo. Mhubiri mmoja amekubali, ila anataka tukae hadi sadaka ipite.