Umewahi kubebeshwa kosa la mwanao mtu mzima? Tupeane uzoefu

Kitinda Mimba: Wakuu, salamu. Wiki iliyopita polisi walikuja nyumbani kumtafuta kaka yangu, ana miaka 27. Hawakumkuta, wakaondoka na mama. Kalala kituoni siku mbili, hakuandikiwa kosa lolote, kaambiwa tu, "Mwanao akijileta, utatoka." Kaka kajileta. Jirani yetu anasema ndivyo inavyotakiwa, aliyelea ajibu. Neno hilo limenikaa kooni. Waliopitia haya, wazazi kwa watoto, tupeane uzoefu. Wenye matusi wapite kimya.

Kobe: Pole kwa mama. Mimi nilijitakia. Nilimdhamini wa kwangu, miaka 31, hati ya kiwanja ikabaki mahakamani. Siku ya kutajwa kesi hakutokea. Hakimu akanitaka nieleze kwa nini dhamana isitaifishwe, nami sikuwa na la kusema ila kwamba sijui aliko. Nikapewa siku 30 nimlete. Nilimkuta siku ya 19 kwa rafiki yake, anacheza gemu, kavaa shati langu. Lakini niseme haki: hakuna aliyenihukumu kwa wizi wake. Nilidaiwa sahihi yangu.

Karani Mstaafu: Kobe kamaliza kila kitu. Nimekaa ofisi za mawakili miaka mingi. Mtoto mdogo ni habari nyingine. Ufaransa, kwa mfano, mzazi hulipa fidia ya alichoharibu mtoto wake ambaye bado hajafikisha miaka 18. Akishakuwa mtu mzima, mzazi hunaswa kwa alichofanya yeye mwenyewe. Kule Highland Park, Marekani, tarehe 4 Julai 2022, kijana wa miaka 21 aliua watu 7 kwenye gwaride. Baba yake aliingia matatani kwa fomu ya kibali cha bunduki aliyomsainia mwaka 2019, miezi michache tu baada ya polisi kuitwa nyumbani kwa sababu kijana alitishia kuua. Mwaka 2023 baba alikiri makosa ya uzembe, akapewa siku 60 jela. Sahihi tena, mnaona?

Mama yako, Kitinda Mimba, hakuwa mtuhumiwa. Alikuwa chambo.

Msema Pole: Mimi niko upande wa pili. Kijana wa jirani alivunja kwangu. Mama yake akaja mwenyewe, akanilipa kidogo kidogo kwa miezi saba, hakuna aliyemlazimisha. Nilipokea. Leo nawaza kama nilipaswa kupokea.

Ua la Jioni: Nitasema kwa kuwa hapa hamnijui. Mwanangu alikuja usiku na begi, akaniambia niweke chini ya kitanda, nisifungue. Sikufungua. Nilidhani kutofungua kutaniokoa. Siku ya tatu walipokuja, nilisema hajafika hapa mwezi mzima, huku viatu vyake viko mlangoni, matope bado mabichi. Walivitazama tu, hawakunibishia.

Nilishtakiwa kwa mali ya wizi. Nikaachiwa kwa onyo.

Kobe: Dada, mzazi gani angesema, "Yuko chumbani, ingieni"?

Karani Mstaafu: Sheria nyingine zimeliona hilo. Ujerumani, anayemsaidia ndugu yake wa karibu akwepe adhabu, mzazi akiwemo, haadhibiwi kwa kosa hilo. Sheria nyingi zenye asili ya Uingereza zilimwonea huruma mke tu. Mama hakutajwa, na sijawahi kusikia sababu inayoniingia akilini. Ila begi ni begi, dada. Kumficha mtu na kuficha mali ni kesi mbili.

Ua la Jioni: Najua. Ndiyo maana sikukata rufaa.

Kitinda Mimba: Nimemsomea mama uzi wote. Ya sheria kayapita. Kauliza tu, yule wa begi, mwanawe yuko wapi sasa?

Ua la Jioni: Mwambie bado yuko ndani, mwaka wa pili huu. Ijumaa naenda kumwona. Viatu vile ninavyo.