Mwenye mikono au mwenye kujua bildi: nani nimpe dhahabu ya timu?

Mtoto wa Mwaloni

Wakuu, habari za jioni na poleni na majukumu. Niko Mwanza. Mchana nashinda Mwaloni Kirumba kwenye mizigo ya dagaa, usiku nina timu ya watu watano tunacheza Mobile Legends. Nahodha ni mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyewakusanya. Naombeni ushauri, maana jambo hili limeanza kutugombanisha na hawa watu ni ndugu zangu.

Kwa asiyelijua gemu: ni watano kwa watano, njia tatu, minara ya kubomoa, na unachoua kinakupa dhahabu ya kununulia vifaa. Kila mchezaji ana nafasi sita za vifaa. Mpangilio wa vifaa hivyo, pamoja na emblemu (nembo ya nyongeza) uliyochagua kabla ya mechi, ndiyo bildi. Katika timu kuna mtu mmoja, mpiga risasi, tunayemwachia dhahabu nyingi kuliko wengine kwa sababu mechi ikirefuka yeye ndiye anayebomoa. Ugomvi wetu uko kwenye nafasi hiyo.

Kuna wawili wanaoitaka. Wa kwanza ni mtoto wa mama mdogo, ana miaka 19, tumwite Dogo. Ana mikono ya ajabu. Mhusika wa adui anayeitwa Franco akimrushia ndoano anaikwepa huku anaongea na mtu pembeni. Ila bildi yake aliinakili siku moja kwa mchezaji fulani, na tangu siku hiyo ananunua vilevile kwa mpangilio uleule, akutane na nani, asikutane na nani. Wa pili ni fundi simu wa Igogo, tunamwita Mwalimu. Anajua kila kifaa, bei yake, kinaongeza nini na kilibadilishwa lini. Tatizo lake vita vikichanganya, vidole vinachelewa.

Jumapili iliyopita tulikuwa na vijana wa Nyegezi, dau kreti ya soda. Moja moja, tukaingia mechi ya tatu. Wao walikuwa na Estes wa kuponya wenzake, na Tigreal mbele akizuia. Dogo alimtumia Miya, mhusika wa kupiga risasi. Mpaka dakika ya 12 alikuwa ameshaua sita na hajafa hata mara moja. Tukakutana mtoni. Dogo anampiga Tigreal mpaka mstari wa uhai unabaki kama uzi, Tigreal anarudi nyuma hatua mbili, Estes anawasha mwanga wake, mstari unajaa tena. Mara tatu mfululizo. Mwalimu anapiga kelele, "Nunua Sea Halberd!" yaani kifaa cha kukata uponaji. Dogo anajibu, "Ngoja nimalize Blade of Despair kwanza," upanga wa kuongeza nguvu ya pigo. Akaimaliza kweli, na baada ya hapo tukafutwa wote watano, wakatembea mpaka kwenye kambi yetu.

Tangu siku hiyo Mwalimu anasema Dogo apokonywe nafasi. Dogo anasema aliua sita, kwa hiyo waliobaki ndio waliozembea. Mwingine analaumu skini (mavazi ya wahusika), eti wa Nyegezi wamenunua skini nzuri. Mimi sitaki kumvunja moyo mtoto, na sitaki kumdharau mtu mzima anayesema kweli. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Ukerewe Kwetu

Mkuu, kwa kuwa uko Mwaloni nitakueleza kwa lugha ya kazi yako. Mimi nimevua dagaa miaka minane. Taa yako inaweza kuwa kali kuliko zote ziwani, lakini siku za mbalamwezi dagaa hawaifuati, na wengi wetu tunabaki nchi kavu tunashona nyavu. Taa ni ileile, usiku ndio umebadilika. Bildi ya Dogo ni taa nzuri. Siku hiyo Estes alikuwa mbalamwezi.

Kwa hiyo usiseme Dogo ana mikono na hana bildi. Bildi anayo, anachokosa ni macho ya kuangalia anga kabla hajasukuma mtumbwi. Hilo linafundishika. Mikono mizito kufundishika ni kazi kubwa zaidi, nakwambia kama mtu niliyewafundisha vijana kuvuta wavu.

Nyegezi Juu

Mimi niko upande wa Dogo na sifichi. Watu wanaongea kuhusu bildi kana kwamba vifaa vinaokotwa. Kifaa ni dhahabu, na dhahabu inatoka mikononi. Mtu anayekufa mara sita muda wote ule anasubiri kufufuka, hapati kitu njiani, na aliyemuua anaongezewa. Ikifika dakika ya kumi Mwalimu ana vifaa viwili vilivyochaguliwa kwa akili nyingi, mpinzani wake ana vinne vya kawaida. Nani atashinda hapo?

Halafu uangalie mko ranki gani. Huku chini, kabla hamjafika Epic, hata kupiga marufuku wahusika wa adui hamna, na mechi nyingi zinaamuliwa na nani amejua kukaa mbali na kifo. Mpe Dogo, yaishe.

Kulwa wa Mabatini

Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Mimi ni mdada na nacheza tanki, kwa hiyo naliona jambo hili kutoka mbele, ninakopigwa mimi.

Kaka Mtoto wa Mwaloni, umetueleza watu wawili. Timu ni watano. Hao wengine watatu walinunua nini? Kukata uponaji si kazi ya mpiga risasi peke yake. Tanki ana Dominance Ice, nayo inapunguza uponaji, na kwa tanki ni kifaa cha kumsaidia kusimama, hapotezi kitu akikinunua. Kama tanki wenu angekuwa nacho pale mtoni, Dogo angemaliza Blade of Despair yake kwa raha na Tigreal asingerudi mara ya pili. Ninyi mlikuwa na nafasi thelathini za vifaa, mkagombana juu ya moja.

Samahani kama nimesema kwa ukali. Inaniuma kwa sababu tanki huwa halaumiwi na hasifiwi, na hapa lilikuwa jambo lake.

Mtoto wa Mwaloni

Dada Kulwa, umenikamata. Tanki nilikuwa mimi. Nilinunua vifaa vya ulinzi tupu kama ninavyonunua siku zote, na wakati Mwalimu anapiga kelele sikuwaza hata kidogo kwamba neno lile linanihusu. Wabeja kwa kunionyesha.

Doto Sengerema

Nitoe hesabu kidogo, maana mjadala huu huwa unachanganya vitu viwili.

Tuseme pigo lako lina nguvu 10 na kasi yako ya kupiga ni 10. Jumla yake ni 100. Una nyongeza ya 4 ya kuweka popote. Ukiiweka yote kwenye nguvu, 14 mara 10 ni 140. Ukiigawa, 12 mara 12 ni 144. Watu wanabishana usiku kucha kwa ajili ya tofauti hiyo ya 4, haifiki hata asilimia 3. Mtu anayekosa pigo moja kati ya kumi amepoteza asilimia 10. Kwa hiyo kwenye bildi ya aina hii, ya kupimia kwa kijiko, mikono inashinda na Nyegezi Juu yuko sahihi. Na skini ndiyo kabisa: kwa wapiga risasi kawaida inaongeza nguvu 8, wakati Blade of Despair peke yake inaongeza 160. Mwambieni huyo anayelia skini apumzike.

Aina ya pili ni bildi ya kujibu. Adui anaponya, unakata uponaji. Adui anapiga kwa uchawi, unanunua ulinzi wa uchawi. Hapa hatuongelei asilimia 3. Kama Estes anarudisha uhai kuliko unavyoupunguza, hata usipokosa pigo moja hutaua mtu. Aina hii mimi naihesabu kuwa sehemu ya uwezo wa mchezaji, sawa na kukwepa ndoano, kwa sababu inaamuliwa palepale na kwa haraka.

Ushauri wangu usihukumu kwa maneno. Fungueni chumba maalumu, Dogo na Mwalimu mmoja kwa mmoja, wote na Miya. Raundi tatu kila mtu na bildi yake. Raundi tatu nyingine wabadilishane: Dogo anunue kila anachoandikiwa na Mwalimu, Mwalimu anunue orodha ya Dogo. Ushindi ukimfuata mtu, ni mikono. Ukiifuata orodha, ni bildi. Kama mtataka mwamuzi asiye ndugu yenu nitakuja mwenyewe, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 sina tena foleni ya kivuko.

Nyegezi Juu

Doto, hesabu nimeikubali. Nyongeza moja tu: waangalie pingi (ucheleweshaji wa mtandao) kwanza na wote watumie mtandao wa mahali pamoja. Mmoja akiwa na pingi nyekundu mtapima bando, si mchezaji.

Ukerewe Kwetu

Na Mwalimu asivunjiwe heshima mbele ya Dogo. Mzungumze naye kwanza, ninyi wawili tu.

Mtoto wa Mwaloni

Wakuu, nimerudi na majibu.

Nilimfuata Mwalimu kibandani kwake Jumanne kabla hajafunga. Alikuwa na simu ya mtu imefunguliwa mezani, hakuinua kichwa, akasema, "Mimi sitaki nafasi ya mtoto. Nataka mtu anisikie." Nilikaa kimya pale muda mrefu. Mimi ndiye nahodha na sikuwahi kumpa kazi inayolingana na anachokijua.

Jaribio tulifanya Jumatano palepale Igogo, simu zote mbili kwenye mtandao mmoja, Doto akiwa mwamuzi. Amekuja kweli, tunashukuru sana. Bildi zao wenyewe: Dogo tatu, Mwalimu sifuri. Walipobadilishana: Dogo mbili, Mwalimu moja. Ushindi ulimfuata mtu. Mwalimu ndiye aliyesema kabla ya wote, "Basi, dhahabu ni yake."

Kisha tukapanga upya. Mimi nimeacha tanki, nimechukua njia ya pembeni. Tanki sasa ni Mwalimu, na yeye ndiye anayeangalia vifaa vya adui na kutangaza nani anunue nini. Dogo alitoa sharti moja: aambiwe mara moja, kwa sauti ya kawaida, bila kupigiwa kelele. Mwalimu akakubali, naye akatoa la kwake: akishaambiwa asijibu "ngoja".

Jana usiku tumecheza mechi nne. Ya pili wapinzani walikuwa na Estes. Mwalimu alisema "kata", neno moja tu, akanunua Dominance Ice yeye mwenyewe, na nikamuona Dogo anafungua duka na kuweka Sea Halberd kabla ya upanga wake anaoupenda. Tulishinda. Tatu tumeshinda kwa jumla, moja tumefungwa vibaya kwa sababu niliachia mnara wangu nikamfuata mtu porini.

Lililonigusa zaidi lilitokea mechi ya mwisho, dakika ya nne hivi. Hakuna aliyekuwa amesema kitu. Dogo mwenyewe akauliza, "Kaka Mwalimu, huyu ana ngao, ninunue nini?"

Jumapili saa kumi jioni tunarudiana na Nyegezi, kreti ileile. Dada Kulwa, kama una nafasi njoo utuangalie, hasa namna Mwalimu anavyosimama mbele ya Dogo. Bado anatangulia sana peke yake na sijui nimwelekeze vipi.

Kulwa wa Mabatini

Nakuja. Mwambie asiingie vitani mpaka amuone Dogo kwenye kioo chake, hiyo ndiyo ya kuanzia. Mengine nitamwonyesha nikifika.