Jiko la kuchomea nyama kwa watu wawili: nichukue lipi?

Chumvi_Kidogo:
Wakuu, salaam. Nyumbani tumebaki wawili, mimi na mke wangu. Uani nina nafasi ya kama mita nne kwa nne, ukuta pande mbili. Nataka jiko la kubanikia, lakini pia niliwahi kuonja nyama iliyoivishwa kwa moshi siku nzima na tangu hapo sina raha. Je, ninunue majiko mawili? Muuzaji mmoja ananikazania lile pipa refu la kulala, lenye kisanduku cha moto ubavuni. Anasema familia huongezeka. Yetu inapungua, watoto wote wameshaondoka.

Fundi_Makaa:
Mkuu, pipa hilo achana nalo. Mimi nililinunua. Kila baada ya dakika arobaini naongeza kuni, usiku natoka na tochi, na kuku wangu mmoja kalala katikati ya wavu kama abiria aliyeachwa na basi. Bati lilikuwa jembamba, moshi unavuja kila kona, kuni nyingi ziliishia kupasha joto ua. Nilivumilia misimu miwili nikampa jirani. Anahifadhia majembe.

Sasa ninalo la mviringo la mkaa, lenye mfuniko, kipenyo sentimita 47. Umbo hilo lina historia: mwaka 1952 George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi Weber Brothers, kiwanda cha vyuma huko Chicago, alichoshwa na upepo na majivu kwenye jiko lake la wazi. Akachukua boya la chuma, akalikata katikati, nusu ikawa jiko na nusu mfuniko. Mfuniko huo ndio unaokuokoa usinunue majiko mawili. Ukiuacha wazi unabanika, ukifunika unaoka, ukifunika na kubana hewa unaivisha kwa moshi.

Siku ya moshi lundika makaa upande mmoja tu. Upande wa pili weka trei ya maji, nyama ikae juu yake. Tundu la hewa la chini libane karibu lifungwe, la juu liache wazi na uligeuzie upande wa nyama, ili moshi uipitie nyama kabla ya kutoka. Lenga nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi. Vipande viwili vitatu vya mti mgumu uliokauka vinatosha. Moshi mweupe mzito utakupa nyama chungu. Subiri uwe mwembamba hadi uukodolee macho.

Kingine: kipande kikubwa kikifika kama nyuzi 70 ndani, kitagoma. Hata saa mbili nzima zikipita, joto lake halipandi. Usichochee moto kwa hasira, nyama inatoa jasho na jasho linaipoza. Mara ya kwanza niliamini kipimajoto kimekufa nikakirudisha dukani. Kijana wa dukani akakitumbukiza kwenye kikombe chake cha chai, kikapanda vizuri tu. Siku hizi duka hilo nalipita ng'ambo ya barabara.

Mama_Jikoni:
Fundi ana muda huyo. Mimi nikirudi kazini jioni siwezi kusubiri makaa yashike. Gesi, vichomeo viwili. Nawasha kimoja, nyama naiweka upande uliozimwa. Usikubali la kichomeo kimoja eti kwa sababu mko wawili, hutapata pa kuikimbizia nyama mafuta yakianza kuwaka. Ladha ya moshi ni ndogo, sikudanganyi. Na kila ukibadili mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Ukiona mapovu yanavimba, funga.

Kijiti:
Kuna yale ya vitonge vya mbao, yanajilisha yenyewe na kushika joto bila wewe kuamka. Ila yanataka umeme. Ya kauri nayo ni mazuri, hutunza joto sana kwa mkaa kidogo, lakini utahitaji wanaume wawili kulishusha garini.

Chumvi_Kidogo:
Nimeelewa, pipa limekufa leo. Nimelipenda lile la mviringo, ila swali: mvua ikinyesha naweza kulisogeza bandani, mlango nikaacha wazi?

Fundi_Makaa:
Hapana kabisa. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na mlango wazi hautoshi kuitoa. Hata ukishalizima usiliingize siku hiyo, majivu huficha moto. Liweke mbali na kuta zote mbili. Mvua ikija jifunike wewe, jiko lina mfuniko wake.

Chumvi_Kidogo:
Sawa mkuu. Mke wangu kasoma yote haya akauliza jambo moja tu: hiyo sentimita 47, kuku mzima anaenea chini ya mfuniko?

Fundi_Makaa:
Anaenea, na makaa yanabaki na upande wao. Mwambie amtoe kipimajoto kikisoma nyuzi 74 kwenye paja, ncha yake isiguse mfupa. Na kikigoma kupanda, asikirudishe dukani.